Kisasi cha Sahani Mbili

"Hizi ni chipsi ama ni makaa?"

Foleni yote ya Kasi Burger iligeuka. Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana katikati ya Eldoret, saa ambayo kila mwenye ofisi ana njaa na kila mwenye njaa ana haraka. Aliyepaza sauti alikuwa Ayoo, karani wa duka la spea za matrekta: gauni la njano, miwani ya jua juu ya nywele, simu mkononi inarekodi. Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, na watu elfu arobaini walimfuata wamwone akilinganisha baga ya hapa na baga ya pale. Huyo msichana alikuwa na ulimi, wacha tu. Akisema mkate wa hoteli fulani ni mkavu, kesho yake hoteli inapigwa na upepo.

Kijana mrefu akatoka jikoni, aproni imejaa mafuta.

"Madam, zima hiyo simu kwanza nikubadilishie."

"Unipee zingine za makaa?"

"Nitakupea zangu."

Baada ya dakika nane akarudi na chipsi za rangi ya dhahabu, ndefu ndefu, bado zinatoa mvuke. Ayoo akaonja moja, akaonja ya pili, akanyamaza. Wanaomjua watakuambia hiyo ilikuwa ajabu.

"Mbona hazina vile vipande vifupi?"

"Nimevitoa. Vifupi hukauka. Hivyo hula mpishi." Akafungua kiganja, akamwonyesha, kisha akavitupa mdomoni. "Naitwa Shitanda."

"Na kwa nini zile za kwanza zilikuwa nyeusi, Shitanda?"

Akainama, akashusha sauti. "Viazi vinakuja kutoka mashamba ya Ainabkoi vikiwa safi. Meneja anavilaza kwa friji wiki mbili. Kiazi kikilala kwa baridi kinashika sukari, ukikikaanga kinakuwa cheusi haraka. Hizi zako ni za viazi vilivyofika leo. Nimesema mpaka nimechoka. Lakini hiyo ni ya masikio yako peke yako, sawa?"

"Sawa," akasema Ayoo, na akaifuta ile video mbele yake.

Wiki haikuisha kabla simu hazijaanza.

"Sema, wa viazi."

"Poa, wa mdomo. Umekula nini leo?"

"Samaki."

"Yawa! Mjaluo wewe, kila siku samaki? Siku moja utaota mapezi."

"Na wewe siku moja utawika. Mluhya na kuku, nani atawatenganisha?"

Walicheka hivyo miezi mitatu. Jumapili baada ya kanisa walitembea wameshikana mikono, Shitanda amenyoosha shati lake jeupe, Ayoo na viatu vya kumchosha. Hapo ndipo Shitanda alipomwambia jambo lililokuwa moyoni mwake: Kasi Burger walikuwa wanafungua tawi jipya Elgon View, na jina lake lilikuwa limetajwa kwa kazi ya mpishi mkuu.

"Nikiipata, mpenzi, nakuja kwenu na wazee. Sitaki kuja na maneno matupu."

"Basi ipate haraka. Mama ameanza kuniuliza maswali."

Sasa sikiliza vile mambo huharibika. Jumanne moja Ayoo alikuwa anapita nje ya Tumbo Joy, mahasimu wakubwa wa Kasi Burger, akatupa jicho kwa kioo. Ndani ameketi Shitanda wake. Mbele yake mwanamke wa suti ya rangi ya damu ya mzee, kucha zimepakwa rangi, anacheka. Katikati yao kuna baga imekatwa nusu kwa kisu. Mwanamke akachukua chipsi moja, akamtia Shitanda mdomoni!

Ayoo akapiga simu papo hapo. Alimwona akiitazama ikilia kabla ya kuishika.

"Uko wapi, sweetie?"

"Niko kazi, mpenzi. Mafuta iko moto, nitakupigia."

Moto? Ayoo akaitia simu mkobani. Hakuingia, hakulia. Alisema neno moja tu, kwa sauti, watu wakimpita: "Dawa ya moto ni moto."

Jioni hiyo alinunua baga na chipsi za pande zote mbili, akazipanga mezani, akapaka lipstiki nyekundu, akawasha simu.

"Watu wangu, leo hatubembelezi mtu. Baga ya Tumbo Joy: mkate laini, nyama ina maji yake, kitunguu kinalia ukikiuma. Baga ya Kasi: mkate unameza mate yako yote, nyama unaitafuta na tochi. Chipsi za Tumbo Joy, tamu. Za Kasi, nyeusi. Na mnajua sababu? Viazi vyao hulala kwa friji wiki mbili! Sio mimi nimesema. Ni mpishi wao mwenyewe, anaitwa Shitanda."

Kufikia asubuhi video ilikuwa imezunguka mji mzima. Kabla ya saa sita Shitanda alikuwa amefutwa kazi. Ayoo alipopata habari alikunywa chai na mandazi mawili, akiimba. Alifurahi, nisikudanganye. Kisha simu ikalia: Shitanda.

"Umefurahi?"

"Muulize yule wako wa suti kama amefurahi."

"Yule ni Linah. Ni bosi kutoka makao makuu, Ayoo. Mama wa watoto wanne. Alinipeleka tuonje chakula cha Tumbo Joy kabla ya kufungua Elgon View, na akaniapisha nisiambie mtu yeyote. Tulikuwa tunalinganisha, hata ile chipsi alinipa nionje! Wewe, kati ya watu wote, hukuona baga imekatwa nusu?"

"Shitanda, ngoja..."

"Nilikuambia siri moja tu. Moja." Akakata.

Ayoo akakaa chini. Ni kweli. Nani humkatia mpenzi baga kwa kisu? Anayekata nusu ni anayelinganisha. Yeye mwenyewe alikuwa amekata zaidi ya mia. Aliifuta video, lakini watu walikuwa wameshaisambaza. Akapiga simu mpaka akafungiwa namba.

Wiki iliyofuata Tumbo Joy walimchukua Shitanda. Lakini mshahara mpya haukuipoza hasira yake. Alimfuata meneja wake mpya, Walubengo, akamwambia, "Mwalike yule dada wa mtandaoni. Alinganishe chipsi zetu na za Kasi, laivu, macho yamefungwa."

Walubengo aliruka kwa furaha. Ambalo hakuambiwa ni hili: sahani zote mbili zingekuwa za gunia moja, mafuta yaleyale. Ayoo angesifu moja na kuikanyaga nyingine kama kawaida yake, na Shitanda angemfungua kitambaa na kuwaambia watu elfu arobaini kwamba hakimu wao hajui kitu. Alitaka aionje aibu ya hadharani, aimeze yote. Malipo ni hapa hapa duniani.

Jumamosi Ayoo alikuja na lile gauni la njano. Hata alipomwona Shitanda hakurudi nyuma. Shitanda alimfunga macho bila salamu.

"Sahani ya kwanza!" Walubengo akapiga kelele, simu juu. "Haya, ya pili!"

Ayoo akaonja huku, akaonja kule. Kisha akaanza kupapasa kwa vidole, sahani nzima, mpaka chini. Akaipapasa na ile nyingine. Kitambaa kikaanza kulowa.

"Dada, tuambie, gani ni tamu?"

"Zote ni za mtu mmoja," akasema. "Hakuna kifupi hata kimoja."

Shitanda akageuka kutazama jikoni. Haki ya nani, hakuwa amejua. Kando ya karai kulikuwa na rundo la vipande vifupi. Alikuwa amevichagua kimoja kimoja huku akimlaani.

Ayoo hakufungua macho. "Na mnaonitazama, sikieni. Yale ya friji yalikuwa kweli, lakini sikuyasema kwa ajili yenu. Niliona mtu kwa kioo, nikamhukumu, nikachukua siri yake nikamfutisha kazi. Shitanda, aibu uliyonipangia, nimejipa mwenyewe."

"Sasa nani ameshinda?" Walubengo akauliza.

Shitanda akafungua kitambaa, taratibu.

"Usidhani imeisha. Bado nina hasira."

"Kuwa nayo. Lakini ukae nayo karibu na mimi."

"Kuna gunia la viazi kule nyuma. Menya."

"Lote?"

"Lote. Na Jumamosi ijayo lingine."

"Mpaka lini, Shitanda?"

"Mpaka wazee wangu wafike kwenu."

Moyo wa Ayoo ukaruka. "Watafika lini?"

"Wazee wangu hutembea polepole. Na nitawaambia wasikimbie."

Ayoo akaketi kwenye ndoo, gauni la njano limekunjwa magotini, akamenya mpaka kucha mbili zikavunjika. Saa kumi Shitanda akapita, akamwekea kiganjani lile rundo la vifupi, vimepoa kabisa.

"Viko aje?"

Ayoo akavitafuna vyote. "Vimekauka. Na vina chumvi nyingi."

"Vizuri," akasema Shitanda, akavuta ndoo nyingine, akaketi kando yake. "Menya."