Majina Arobaini Yasiyo na Watu

Pikipiki zilikatazwa kusimama karibu na hospitali. Wagonjwa wakawa wanashushwa barabara kuu na kujikokota kwa miguu robo saa nzima. Ofisi ya mji ilisema itabadili amri ikiletewa saini mia tatu za waendesha pikipiki, kila moja na namba ya kizibao na ya simu. Mwisho ni Ijumaa.

Aliyebeba shauri hilo alikuwa mwendesha pikipiki aliyewatetea wenzake serikalini kwa miaka kumi na tisa. Walimwita Mzee Faili. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyemtunzia karatasi.

Alhamisi jioni saini zilikuwa mia mbili na sitini. Binti akajaza arobaini za kubuni.

Asubuhi, wakisubiri mlangoni kwa ofisa wa mji, baba alipekua karatasi.

"Namba mia nne na kumi na mbili ni nani?"

"Ni... dereva mmoja, baba."

"Vizibao vyetu viliishia mia tatu na themanini. Nilivigawa kwa mkono wangu."

Binti akamwonyesha zote alizobuni. Baba alichomoa kalamu, akakata majina yote arobaini.

"Baba, tutakosa."

"Tukose."

Ofisa alihesabu. "Mzee Faili, hazitoshi."

"Najua. Hizo nilizokata ni za uongo, zimetoka nyumbani kwangu. Zilizobaki, mpigie yeyote."

Ofisa alipiga simu tatu. Zote zilipokelewa, na wote watatu wakakiri kutia saini. Akafunga faili. "Jumatatu saa mbili. Sikuongezi hata dakika."

Jumamosi na Jumapili baba na binti walizunguka vituoni.

"Karani, leo umetuletea mtihani?" dereva mmoja alimtania binti.

"Mwambie kwanza ulichofanya," baba alimwambia binti.

Akamwambia. Dereva aliacha kucheka, akatia saini.

Jumatatu saini zilitimia mia tatu. Mwezi uliofuata kibao cha kituo cha pikipiki kilisimikwa mbele ya lango la hospitali.

"Mwanangu," baba alisema wakikitazama, "ofisa angegundua jina moja la uongo, angeyatupa na yale ya kweli. Miaka kumi na tisa naingia mle ndani, na sina kingine cha kuingia nacho ila kuaminika."

Binti alilipa hivi: siku mbili, vituo kumi na vinne, kandambili moja iliyokatika, na mara arobaini za kusema, "Niliandika uongo, ndiyo maana nimekuja."