Jiwe la Kuazima

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Kazi yangu ni kuchekesha. Harusi, mahafali, mikutano ya wakulima wa tumbaku... Tabora nzima, Sadiki akipanda jukwaani watu wanashika mbavu kabla hajafungua mdomo. Kutisha sikufundishwa. Kwa hiyo mahali pa kuogopa nitatia mzaha, na mahali pa mzaha mtanikuta nimenyamaza. Mkiona nimenyamaza, jueni ndipo penyewe.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri imeshaswaliwa. Shemeji yangu Ummy, mdogo wake mke wangu Zuwena, ni mkunga. Alikuwa amepata kazi kwenye zahanati ya kijijini, mbele ya Isikizya, kwa sharti moja: Jumatatu aonyeshe kuwa anaweza kuendesha pikipiki. Wajawazito wa huko hawamfuati mkunga, mkunga ndiye anayewafuata. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na Ummy, mpaka siku hiyo, hata baiskeli ilikuwa ikimkataa.

"Nifundishe, shemeji," aliniambia. "Lakini uniapie kitu kimoja. Utakaa nyuma yangu mpaka nyumbani. Ukishuka, nitaanguka."

"Wallahi sishuki. Mimi na hii siti tumeoana."

"Na dada yangu je?"

"Amepata mke mwenzie, shem. Azoee."

Tukaenda kwenye njia ya zamani, ukishaipita Kwihara, ile iliyokuwa ikipeleka misafara Ujiji. Siku hizi ni mchanga, vichaka na ukimya. Ukianguka, anakuona Mungu peke yake.

Pikipiki yangu ni ndogo, nyekundu, umri wake wa kuolewa. Fundi Valentino alikuwa ameshanionya: "Cheni imelegea, mzee. Itaruka." Nikamjibu hata mimi nimelegea na bado natembea. Akacheka. Cheni ikabaki vilevile.

"Kamata klachi," nikamwambia Ummy. "Tia gia ya kwanza. Sasa achia klachi huku unaongeza moto. Pole pole! Kama unamlaza mtoto."

Aliachia kama anayemtupa mtoto. Pikipiki ikaruka kama mbuzi, ikazima.

"Huyo mtoto amekufa," nikasema. "Na wewe ndiye mkunga."

"Shemeji, nyamaza nijifunze."

Akarudia. Akarudia tena. Jua lilipoanza kuwa jekundu alikuwa anakwenda, anayumba lakini anakwenda, mimi nyuma nimeshika roho kwa meno. Ndipo tukasikia *krrrak*. Cheni imeruka.

Tulisimama pembeni ya rundo la mawe.

Rundo lile kwetu linajulikana. Wazee wanasema wapagazi walipokuwa wakipita na mizigo mabegani, mwenzao akianguka asiinuke walimzika hapo hapo kando ya njia, na kila aliyepita akaweka jiwe. Mpaka leo mtu wa kwetu akipita anaweka kitu. Kokoto, kijiti, hata jani. Unaongeza. Hupunguzi.

Ummy aliokota kokoto, akaiweka taratibu. "Tupitisheni salama, babu zetu."

Mimi nilikuwa natafuta cha kunyanyulia pikipiki. Stendi yake ya kati ilikatika zamani, na cheni huirudishi bila gurudumu la nyuma kuning'inia. Nikaangaza macho. Mchanga mtupu. Nikanyoosha mkono, nikachukua jiwe moja bapa pale juu ya rundo.

"Shemeji! Hilo haliondolewi."

"Naazima tu."

"Umemwomba nani?"

Basi hapo ningejibu "samahani", hadithi ingeishia hapo. Lakini nina mchezo wangu mmoja wa jukwaani, unaitwa Mpagazi. Nikaliweka jiwe begani, nikapinda mgongo, nikatetemesha magoti, nikatoa sauti ya mtu aliyekaukiwa mate: "Bwana wangu... Ujiji... bado?" Harusini, mchezo huu watu wanalia kwa kucheka.

Ummy hakucheka.

Lakini mtu alicheka.

Kicheko kifupi, cha mtu asiye na pumzi. He... he... Kilitoka kwenye rundo.

"Umesikia?" nikanong'ona.

"Nini?"

"Basi. Ndege."

Nikaingiza jiwe chini ya injini, nikalegeza nati ya gurudumu, nikairudisha cheni kwenye meno yake, nikavuta gurudumu nyuma, nikakaza. Oili nyeusi ikadondokea jiwe, ikaacha doa. Nilipoinuka, jua lilikuwa limezama.

"Rudisha jiwe la watu, tuondoke," Ummy akasema.

"Je, cheni ikiruka tena?" Nikalifunga kwenye keria kwa mpira, mafundo mawili. Ummy mbele, mimi katikati, jiwe nyuma yangu. Tukaondoka.

Kwanza nikasikia tairi. Shwi... shwi... shwi... Linasugua madigadi. Shokapu zimezama kama tumebeba magunia.

"Shemeji, mbona imekuwa nzito?"

"Upepo umepungua. Endesha."

Kisha harufu. Jasho la siku nyingi, na tumbaku kali.

Kisha kengele. Ndogo, ya kuvaliwa mguuni. Tukienda kasi, inakwenda kasi. Tukipunguza, inapunguza.

Kisha pumzi. Shingoni kwangu.

Nyuma yangu, jamani, hapakuwa na nafasi ya mtu.

Kiganja kikashika bega langu la kushoto. Kikavu. Kigumu kama gome la mti. Nikasikia mtu akiguna, mguno ule wa kutua mzigo uliobebwa tangu mbali sana. Na mdomo ukaja sikioni.

"Zamu yako."

Uzito ukashuka begani kwangu.

Hapa ndipo ninaponyamaza.

...

Niliruka.

Sikumwonya Ummy. Nilijitupa mchangani kama gunia, na nilipoinua kichwa nikaiona taa nyekundu ya nyuma ikienda zake. Ummy amekaa wima. Nyuma yake, pale nilipoapa sitoki, pana mgongo uliopinda.

Sikumwita. Mdomo huu unaojaza ukumbi bila kipaza sauti haukutoa hata "Um".

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kiatu kimoja mkononi. Pikipiki iko uani. Ummy yuko mkekani na dada yake, anakunywa chai, uso unang'aa.

"Ulishukia wapi, shemeji? Nageuka mlangoni, hupo."

"Hapo... hapo kwenye kona."

"Leo umenifundisha kweli. Kwenye mchanga wote ule umenishika mabega. Nikiyumba unaninyoosha. 'Pole pole, mwanangu, tunafika.' Nikajiuliza tu, huyu ameanza lini kuniita mwanangu? Na hukutania hata mara moja!"

Zuwena akautazama mchanga uliojaa mgongoni kwangu. Akautazama uso wangu. Akammiminia mdogo wake chai nyingine.

Nikaenda kwenye keria. Mpira umefungwa, mafundo yangu mawili hayajaguswa. Jiwe hakuna.

Kulipopambazuka nilirudi kwenye rundo. Jiwe lilikuwa pale juu, mahali pake, na doa la oili ubavuni. Nikaongeza kokoto. Nikaomba radhi, kwa sauti yangu mwenyewe, si ya jukwaani. Safari hii hakucheka mtu.

Valentino anasema hakuna ajabu. Tairi halikuwa na upepo, shokapu zimekufa, jiwe lilichomoka njiani, mpita njia mwenye adabu akalirudisha. Huenda. Ila hajaweza kunieleza kwa nini fundi cherehani wangu analalamika kwamba bega langu la kushoto limeshuka, kila kanzu anayonishonea inakaa upande.

Jumatatu Ummy alipita. Sasa anawafikia wajawazito wake hata kwenye njia za ng'ombe, na kwa kila atakayemsikiliza anasema, "Aliyenifundisha ni shemeji Sadiki. Aliapa hataniacha, na hakuniacha." Akisema hivyo mbele yangu, natikisa kichwa kukubali, natazama chini.

Wengine mtaniuliza: yule wa nyuma alikuwa jini au mzimu? Sijui. Ninachojua ni kwamba jioni ile Ummy alipakia abiria wawili, mmoja marehemu na mmoja mzima. Aliyetoweka gizani bila kuaga ni mimi.