Kifaa Bado Kiko Mwanza

"Basi nitolee hata CD yenyewe, Gilbert. Nitaazima deki kwa watu."

"Nikilazimisha huu mfuniko, CD itapasuka. Unataka hivyo?"

Evalina hakutaka hivyo hata kidogo. Ndani ya ile deki ndogo ya kubeba, yenye kioo cha kukunja, ilikuwamo CD ya harusi yake na marehemu Bujiku, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Kule Nyashimo mama mkwe wake, Nyanjige, ambaye wote walimwita mayu, yaani mama, alikuwa na miezi mitatu kitandani, haoni tena, na alikuwa akiomba kitu kimoja: amsikie mwanawe akicheka kabla hajafa. Nyumba yake haina umeme. Deki ya betri ndiyo ingefika mpaka kitandani.

"Kifaa kinatoka Mwanza," Gilbert alisema, akimsogezea kigoda. "Ijumaa hii hakikosi. Mayu anaendeleaje?"

"Anazidi kuisha."

"Pole, mama. Kaa basi nikuagizie soda."

Ijumaa zilikuwa zimeshapita saba. Lakini nani angemkasirikia Gilbert? Fundi mpole, kibanda chake nyuma ya soko la Bariadi kisafi kuliko jiko la watu wengine. Na Evalina, mjane wa miaka minne, siku hizi alikuwa akichagua kanga kabla ya kwenda kuulizia deki. Tuseme ukweli, alishampenda. Ijumaa ya tano Gilbert alimwambia anataka kumuoa, naye akaomba muda wa kufikiri.

Jumatano asubuhi meseji ikaingia: "Eva nimekuota. Kifaa bado kiko Mwanza ila usijali. G."

Alikuwa bado anatabasamu simu ilipoita. Ni Magese, mdogo wake Bujiku.

"Mwangaluka, shemeji. Umekaa?"

"Mwangaluka. Nimekaa. Kuna nini?"

"Mayu ametutoka alfajiri hii."

Evalina akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Shemeji? Upo?"

"Alisema nini, Magese?"

"Aliuliza kama deki imepona. Nikamwambia labda Ijumaa. Akasema basi, atajitahidi kusubiri."

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajifunga kanga, akaenda kibandani kuichukua deki hivyo hivyo mbovu, na kumuaga Gilbert kabla ya kwenda msibani.

Gilbert hakuwepo. Joyness, muuza chapati wa jirani, ndiye aliyeachiwa ufunguo. Evalina akamweleza habari za msiba.

"Pole sana, dada. Ichukue tu, iko chini ya meza."

"Asante. Hata hivyo ni mbovu."

"Mbovu?" Joyness akaacha kusukuma chapati. "Mbona mchana huwa anaiangalia? Si ile ya harusi yako? Gauni lilikupendeza, dada."

Evalina akafunua kioo, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Akatokea Bujiku na suti inayompwaya. Padri akaanza kumuuliza, naye akajibu "Ndiyo, nakubali!" swali likiwa katikati. Kanisa zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kilikuwa ndicho kicheko alichokuwa anakisubiri mama yake.

Gilbert akaingia na mfuko wa machungwa. Alipoona kioo kinawaka, akasimama pale pale mlangoni.

"Ilipona lini?"

"Eva, nisikilize kwanza..."

"Ilipona lini, Gilbert?"

"Siku ya pili. Ni waya tu ulikuwa umeachia."

"Na mfuniko?"

"Ulikuwa unafunguka."

Joyness akainamisha kichwa.

"Niliogopa," Gilbert alisema. "Nikikupa utaondoka, hutarudi tena. Namtazama huyo mwanaume kila siku, najiuliza nitamfikia vipi. Ijumaa hii ningekupa, naapa."

"Mayu amefariki leo alfajiri."

Gilbert akakaa chini sakafuni.

"Sikujua amefikia huko, Eva."

"Ulijua! Ulikuwa unaniuliza mwenyewe anaendeleaje, nakujibu, halafu unaniagizia soda!"

"Nisamehe. Nilikupenda."

"Najua. Hata mayu alijua. Jumapili nilimweleza habari zako huku naogopa atanuna. Akasema fundi anayehangaika hivi kwa ajili ya bibi asiyemjua, huyo usimwache. Ijumaa nilikuwa nakuja kukupa jibu."

Gilbert alifunika uso kwa viganja.

"Ungenipa deki siku ile ya pili," Evalina alisema, "ningerudi tu. Ningetafuta hata pasi mbovu nikuletee."

"Niruhusu nije msibani."

"Uje useme nini?"

Evalina akaizungushia deki kanga, akatoka.

Kwenye gari la Nyashimo aliiweka mapajani. Simu ikaita, ni Gilbert. Akaikata. Ikaita tena, ni Magese.

"Shemeji, deki umeipata?"

"Ninayo hapa."

"Afadhali. Wazee wanasema tuiwashe jioni, ndugu wamsikie Bujiku. Kumbe kile kifaa kimefika leo?"

Evalina alitazama mashamba ya pamba yakipita dirishani. Angeweza kusema ndiyo, na msiba ukaisha salama.

"Hakukuwa na kifaa, shemeji. Deki ilipona siku nyingi."

Magese akashusha sauti.

"Sasa mbona hukumletea?"