Beringi ya Nne

Jioni ya Alhamisi, kama saa kumi na mbili na nusu hivi, Elishilia alikuwa akikata kigogo cha mgomba ampe ng'ombe wake. Ukungu ulikuwa umeshashuka kutoka mlimani mpaka kwenye mikahawa. Ndipo aliposikia lori la Gadiel linateremka.

Akasimama, panga mkononi.

Si kwamba alikuwa na hamu nalo. Tangu Krismasi lori hilo lilikuwa limeharibika mbele ya geti lake mara tatu, palepale kwenye kona ya mteremko, likiwa na shehena ya ndizi za soko la Tengeru. Na mara zote kilichokufa ni kitu kimoja: senta beringi, ile inayoishikilia katikati propela, bomba refu la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma, huko uvunguni mwa gari. Inafungwa mpya, wiki tatu, imesagika. Na kila iliposagika, Gadiel, mtoto wa marehemu kaka yake Yoeli, aliirusha juu ya ua ikaangukia uani kwa shangazi yake.

"Chukua kazi yako, Shangazi," alisema mara ya kwanza.

Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu alikuja na watu wa kushuhudia.

Huyu ni Gadiel anayeimba besi kwenye kwaya ya usharika Jumapili, na Jumatatu yuko kwa mganga akiuliza nani anamchezea. Mganga naye hakutoka jasho. Kuna mama mzee, hana mume, hana mtoto, alirudi kwao miaka arobaini iliyopita na sanduku kichwani, anakaa peke yake kwenye kona. Amtafute nani mwingine? Kona hiyohiyo Gadiel alikuwa akiitamani tangu baba yake yu hai, ajenge fremu za maduka. Hilo mganga hakuambiwa.

Jumamosi, yaani keshokutwa, ukoo ungekaa mbele ya mshili, mzee wao mkuu, kuamua kama Elishilia aondoke. Vyumba viwili, migomba na ng'ombe mmoja. Yoeli alimpa dada yake pale kwa mdomo, na mdomo wa Yoeli ulikuwa na miaka miwili chini ya ardhi.

Lori likaingia kwenye kona.

Gu... gu... gu-gu-gu... kama mtu aliyefungiwa chini ya sakafu anagonga kwa magoti. Chuma kikalia. Halafu kimya.

Getini kwake. Mara ya nne.

Harufu ya raba iliyoungua ikaja kwanza. Nyuma yake ikaja nyingine, na hiyo ndiyo iliyomfanya Elishilia aweke panga chini. Harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini, uliotoka kuchimbwa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili.

Wa kwanza kushuka alikuwa dereva, Lekishon, kijana wa Kiarusha kutoka upande wa pili wa mlima. Uso ulikuwa umempauka.

"Shikamoo, koko," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Mmekuja tena kunijulia hali."

"Koko, mimi nimekanyaga breki tu." Akasogea, akashusha sauti. "Kuna kitu kinanong'ona huko chini. Nikizima redio ndiyo nakisikia."

"Kinasemaje?"

"Hakisemi. Kinanong'ona tu."

Gadiel alishuka upande wa pili pamoja na Romanus, fundi wa gereji ya Daraja Mbili. Ni huyo Romanus aliyefunga beringi zote, na siku hiyo Gadiel alimpakia kwenye gari asikie mtetemo kwa masikio yake. Majirani nao walishaanza kujaa, tochi za simu mikononi. Watu wa pale ukiwaita kwenye palizi hawaji. Kwenye uchawi wanakuja na watoto.

"Mmeona wenyewe," Gadiel aliwaambia. "Sikusema neno. Mmeona wenyewe."

Elishilia aliingia ndani. Wengine walidhani amekwenda kujificha. Akatoka na zile beringi tatu kwenye pindo la khanga, akazipanga juu ya jiwe la geti.

Sasa, huyu mama alifika darasa la saba, akaishia hapo. Lakini miaka ishirini na sita alihudumia mashine ya kumenya kahawa ya chama cha ushirika, akiipaka grisi na kubadilisha beringi, mpaka chama kilipokufa na mashine ikauzwa chuma chakavu. Mashine ile aliijua kuliko alivyomjua mume.

"Fundi, hizi umezisoma?"

"Bibi, beringi si kitabu."

"Kwako wewe. Lete tochi." Akaingiza kidole kwenye ya kwanza. "Ringi ya nje imelika kidogo kidogo, duara zima. Ya ndani, inayozunguka na propela, imechimbika sehemu moja tu. Shika hii nyingine. Na hii. Zote tatu. Mkanda ukivuta mashine vibaya huwa kinyume chake, ya nje ndiyo inachimbika. Hapa kinachogonga kinazunguka pamoja na propela. Kimo ndani ya bomba."

Fundi asiyejua kitu huangalia gari. Romanus alimwangalia mwenye gari.

"Funga mpya tuondoke," Gadiel alisema.

"Shusha propela," alisema Elishilia.

"Shangazi, usiniingilie kwenye mali yangu."

"Mali yako iko getini kwangu, na Jumamosi unanitoa kwa ajili yake. Ishushwe watu waone."

"Ishushe, Gadiel," sauti ya jirani mmoja ilitoka kwenye ukungu. "Unaogopa nini?"

Ikashushwa. Waliilaza juu ya mbao mbili zilizo sawa, mbele ya taa za lori. Romanus akaiachia. Ikabingirika yenyewe, taratibu, ikasimama. Mshono wa kuchomelea ukawa chini. Akaugeuza juu. Ikarudi. Akaugeuza tena.

Ikarudi.

Na safari hii wote walisikia, ndani ya chuma kilichofungwa pande zote.

Shaaa...

Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Mtoto mmoja akaanza kulia, akazibwa mdomo.

"Kata," alisema Elishilia.

Gadiel alimshika fundi mkono. Alinong'ona, na waliomsikia ni wawili tu, fundi na shangazi. "Usikate. Nakuomba."

"Umetia nini humo?" Elishilia aliuliza.

Gadiel alimsogelea karibu na sikio. "Kinga tu. Propela ilipovunjika mwaka jana, ikapelekwa kuchomelewa... mganga alisema baba asafiri na mimi. Akae mahali panapozunguka, pasipoonekana. Nilichota udongo wa juu ya kaburi, Shangazi. Wa kujaa kiganja. Kwenye kitambaa."

"Na wewe ukamchomelea," Elishilia alimwambia Romanus.

"Mteja akitaka kinga, bibi, mimi ni nani?"

"Na beringi ukawa unabadilisha tu."

Romanus alianza kuurudisha msumeno kwenye boksi la vifaa.

Elishilia alimgeukia mtoto wa kaka yake. Alikuwa amembeba mgongoni huyu, amemfuta kamasi. "Umemtia baba yako kwenye propela," alisema polepole, kwa sauti ya chini. "Halafu mchawi ni mimi."

Akamnyang'anya fundi msumeno, akaanza kukata mwenyewe. Alipochoka, Lekishon akaupokea. Msumeno ulilia muda mrefu. Bomba lilipofunguka, udongo ukaanza kutoka.

Ulikuwa mbichi. Mweusi, wenye maji, kana kwamba bomba lile halijawahi kuzunguka kwenye joto la barabara hata siku moja. Ulitoka wa kujaa kiganja. Ukaendelea. Lekishon akakinga kofia, ikajaa. Elishilia akasukuma karai la kumnyweshea ng'ombe. Udongo ukashuka, shaaa... shaaa... bila mtu kulitikisa bomba. Karai likajaa. Bomba lenyewe lisingebeba nusu ya ule.

Mwisho kikaanguka kitu kidogo. Ting.

Kifungo cha koti.

Hakuna aliyehitaji kumwambia Elishilia ni cha nani. Asubuhi ya mazishi Gadiel alileta suti ya kumzikia baba yake imepungua kifungo. Elishilia mwenyewe ndiye aliyekishona, kifungo cha kahawia kwa uzi mweusi, maana uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha. Uzi mweusi ulikuwa bado umo kwenye matundu manne.

"Nilichota juu," Gadiel alisema. "Juu tu."

Elishilia alikiokota kifungo.

Alfajiri ya Ijumaa Elishilia alibeba karai kichwani, akaenda peke yake kwenye migomba ya Yoeli. Kaburi lilikuwa limebonyea katikati. Akamwaga udongo wote, akaukanyaga. Shimo halikujaa. Kifungo alikisafisha kwa maji na majivu, akakifunga kwenye pindo la khanga, akarudi kukamua ng'ombe.

Jumamosi ukoo ukakaa.

Elishilia alisimulia alichoungama Gadiel kwa kunong'ona, lakini mwingine aliyekisikia alikuwa Romanus tu. Romanus hakupanda mlima. Alipiga simu tu, ikawekwa sauti ya juu, akasema yeye alichomelea bomba tupu. Gadiel aliinamisha kichwa akasema vilevile: bomba lilikuwa tupu. Na majirani walisimulia walichokiona, udongo mbichi wa kaburi kutoka kwenye chuma kikavu, karai zima. Hawakuongeza chumvi. Haikuhitajika.

Mshili alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kumchukia.

"Elishilia, chuma kilikuwa kimefungwa pande zote. Hata fundi wa mjini hakujua kilichomo. Wewe ulijuaje?"

Akawaeleza. Ringi ya ndani, ringi ya nje. Akazitoa beringi, akawapitishia mkono kwa mkono. Wazee wenye makoti walizipokea kwa ncha za vidole, wakazirudisha upesi.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Mashine ya kahawa."

"Mashine ilikuwa inaongea na wewe?"

Alielewa hapohapo. Angelia na kujiita mama mjinga asiyejua vyuma, labda wangemwachia hata jiko. Alichagua kujua. Sasa kujua kwenyewe ndiko kulikomhukumu. Aliokota beringi zake, akatoka kabla hawajamaliza kusema.

Jumatatu lori lilelile lilimbeba kwenda kwenye chumba cha kupanga Sombetini. Vyombo nyuma, yeye mbele na Lekishon. Ng'ombe alibaki, ukoo ulisema ni wa shamba. Propela ilikuwa mpya, ya dukani.

Waling'oka getini. Walikuwa hawajaimaliza hata kona.

Shaaa...

Chini ya miguu yao.

Lekishon alizima redio. "Koko... hii propela nimeitoa mwenyewe kwenye karatasi yake. Nilichungulia. Nimemulika kila mahali."

"Najua."

Alifungua pindo la khanga. Kifungo alichokisafisha kwa majivu kilikuwa kimelowa. Kina udongo tena, kwenye uzi mweusi.

"Punguza mwendo," alisema. Akainama kidogo kuelekea sakafuni, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa.

"Shikamoo, kaka."

Shaaa...

"Usinisindikize. Kwako ni hapa. Shuka, ukae na mtoto wako."

Akakitupa kifungo nje ya dirisha.

Sauti ikakatika. Gari likawa jepesi ghafla, hata Lekishon akalisikia kwenye usukani. Aliuliza kwa kunong'ona.

"Ameshuka?"

Elishilia alikuwa akitazama kioo cha pembeni. Nyuma, kwenye geti lililokuwa lake, Gadiel alikuwa amesimama na kufuli jipya mkononi, peke yake, ukungu ukimfika magotini. Alikuwa anapachika kufuli. Kisha akaacha.

Akageuza kichwa pembeni, taratibu, sikio juu, kama mtu anayeambiwa kitu na aliye nyuma yake.