Mgeni Aliyeitwa Marehemu

Kila Jumamosi Lorine alikuwa wa kwanza kufika katika ukumbi wa kanisa, Kondele. Alipanguza viti, akapanga madaftari, kisha akawangoja wenzake wa chama cha Nishike Mkono. Humo watu wazima waliojitolea walikaa na watoto, mlezi mmoja mtoto mmoja, wakawasaidia masomo na kusikiliza shida zao.

Lakini Jumamosi hii, chama kikitimiza miaka ishirini, alifika akiwa na siri.

Mlezi wake, Mwalimu Wekesa, alikuwa amemwagiza aandike historia ya chama. "Waulize waliokuwepo tangu mwanzo. Namba zao za simu hizi hapa."

Lorine awaulize? Thubutu! Alicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, na wenzake hadi siku ya mwisho. Ndipo akaitazama picha ya mwanzilishi, Rosa Awuor, ukutani. Ilikuwa picha kuukuu, imezungushiwa maua ya plastiki kama picha za matangani. Lorine akajiambia, huyu alishafariki zamani. Basi akatunga: "Marehemu Mama Rosa, tajiri mkarimu, alitujengea ukumbi huu kabla ya kulala usingizi wa milele."

"Umewauliza?" Mwalimu Wekesa alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Alimwamini, akatoa nakala ishirini bila kusoma. Asubuhi hiyo aliziweka vitini, akatangaza kwa furaha, "Mama Rosa yuko njiani kutoka Usenge! Saa nne atakuwa hapa."

Lo! Kumwita mtu aliye hai marehemu! Kwa kina Lorine huo si mzaha, ni kama kumtakia kifo. Wekesa alipotoka tu, Lorine alianza kuzikusanya zile karatasi mbio mbio. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Ya ishirini iko wapi? Alichungulia chini ya viti, jasho likimtoka.

Karibu na mlango alikuwa ameketi bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, akijipepea kwa karatasi. Alikuwa yule yule wa pichani. Kumbe amefika mapema!

"Dani," Lorine alisema, akimwita nyanya kama walivyoita nyumbani, "naomba hiyo karatasi."

"Chukua, nyathina, mwanangu. Hata miwani nimeisahau Usenge. Utanisomea baadaye."

Karatasi ikawa mkononi mwake. Hakuna aliyeisoma! Angeweza kuichana na kutunga nyingine, na nani angejua? Lakini bibi alimtabasamia vizuri mno, na Lorine akaona aibu. Machozi yakamtoka.

"Dani, nilidanganya. Sikumuuliza mtu. Nimeandika kwamba wewe ni marehemu."

Mama Rosa akajipapasa mashavu, kama anayehakikisha kwamba bado yuko hai.

"Umenizika," bibi alisema, "na hata chai ya matanga sikunywa?"

Mwalimu Wekesa alikuwa amesimama mlangoni, amekunja uso. "Lorine! Mimi nilikuamini."

"Ngoja, Wekesa," Mama Rosa alisema. "Mtoto, sikiza. Mimi sijawahi kuwa tajiri. Nilikuwa nauza omena, dagaa wetu hawa, soko la hapa Kondele. Kijana mmoja alinibebea magunia mwezi mzima, ana sare ya shule, ananiambia wamefunga mapema. Siku moja akalia, akakiri kwamba hajui kusoma na anaogopa kuchekwa. Nikampindulia ndoo akakaa, tukaanza na herufi. Kila Jumamosi. Muuza mboga jirani yangu naye akachukua mtoto mwingine wa kumfundisha, na muuzaji mwingine hivyo hivyo. Ndiyo historia."

"Kijana huyo yuko wapi sasa?" Lorine aliuliza.

Mama Rosa alimtazama Wekesa. Mwalimu akainamisha kichwa, hasira zimemwisha. "Ni mimi," alisema.

Lorine aliketi hapo hapo, akaandika upya nyuma ya karatasi yake huku akiuliza kila jambo. Saa tano aliisoma mbele ya watu wote, na kosa lake akalitaja.

"Umekosa sana," Mama Rosa alimwambia baada ya makofi. "Usilolijua, uliza. Lakini umesema kweli wakati ulipoweza kuificha, na chama hiki kilianza siku mtoto mmoja alipofanya hivyo hivyo. Sasa panda kiti, uyatoe yale maua pichani, kabla hamjanizika tena."