Aliyemtorosha Bunju

Samaki hakuwepo. Maji yalikuwepo, tena kila mahali: chini ya kochi, ndani ya viatu vilivyopangwa mlangoni, kwenye zulia lililokuwa likitoa sauti ya kunyonya kila lilipokanyagwa, na hata kwenye dari ya jirani wa chini, ambako yalikuwa yakidondoka juu ya cherehani.

Inspekta alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia. Kituoni walimwita Taratibu, maana hakuna askari aliyewahi kumwona akikimbia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sura, na alikuwa na tabia ya kusimama mahali pamoja mpaka watu wachoke na kimya chake na kuanza kusema wasiyoulizwa.

Mwenye nyumba, daktari wa meno, bado alikuwa na koti lake jeupe la kazini. Alisema ameibiwa. Aliyeibwa alikuwa bunju, samaki wa maji ya chumvi mwenye macho ya kushangaa, ambaye akiudhika hujijaza maji akavimba kama mpira. Daktari alimfuga tangu kabla ya kuoa. Meno ya bunju hayaachi kukua, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyapunguza, na alipenda kuwaambia wageni kwamba huyo ndiye mgonjwa pekee aliyewahi kumng'ata na bado akaendelea kumtibu. Nyumbani walimwita Mheshimiwa.

"Kesho kutwa mnunuzi anakuja kumchukua yeye na tangi lake," alisema. "Mke wangu anakaribia kujifungua. Chumba hiki ni cha mtoto."

Kwenye kona palikuwa na boksi la kitanda cha mtoto, limelowa hadi juu.

Sajini alipuliza unga wake wa kuchukulia alama za vidole kwenye kioo, akapata vidole vya nyumba nzima. Mlango haukuvunjwa. Kitasa kilikuwa kizima, na madirisha yalikuwa na komeo.

Inspekta alipiga magoti mbele ya tangi, akalipapasa kona kwa kona. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na kiungo kilichoachia. Ndani ya kabati lililobeba tangi hilo kulikuwa na tangi la pili, dogo, lenye pampu ya kusukuma maji juu, nayo maji yakishafika juu hurudi chini kwa bomba jingine, mchana na usiku. Sasa tangi la chini lilikuwa limejaa pomoni, la juu limebaki nusu. Maji ya juu yalikuwa yameishia sawasawa na mdomo wa bomba la kupandishia, kana kwamba yamekatwa kwa kisu.

Na plagi ya pampu ilikuwa imechomolewa, ikalazwa juu ya kiti, mbali na maji.

"Mwizi gani huyu mwangalifu?" Sajini aliuliza.

Inspekta alisogea karibu na kiti. Alikuwa akiitazama ile plagi.

Daktari alikuwa na jibu lake tayari. Alimtaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa mitambo ya meli. Shemeji ndiye aliyelijenga tangi, ndiye aliyekuwa na ufunguo, na ndiye aliyegombana naye mezani akisema samaki aliyekaa na watu miaka yote hauzwi kama friji kuukuu. Daktari alitaka jalada lifunguliwe. Mkewe, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kochi huku ameshikilia tumbo, alimkumbusha kwamba mdogo wake anapanda meli ya kazi wiki ijayo, na kwamba hakuna meli inayomchukua mtu mwenye kesi ya wizi. Daktari alisema shemeji angelifikiria hilo kabla.

Shemeji aliitwa, akaja bila kusukumwa. Alipoona zulia alishika kichwa.

"Ulikuwa hapa leo?" Inspekta aliuliza.

"Asubuhi. Nilimlisha, nikaondoka."

"Pampu ilikuwa inafanya kazi?"

"Inanguruma kama kawaida yake."

"Ni kweli hukutaka auzwe?"

"Kweli, na mpaka sasa sitaki. Lakini ningemchukua mimi, Afande, sakafu hii ingekuwa kavu."

Akaeleza. Pampu ikizimwa, maji ya juu hujivuta kurudi chini kupitia bomba lilelile lililoyapandisha. Ndiyo maana alitoboa kitundu kwenye bomba hilo, karibu na uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tu, kitundu huingiza hewa na mvuto hukatika. Tangi la chini aliliachia nafasi ya kupokea hicho kidogo. Basi, ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Inspekta aliwasha tochi yake, akakitafuta kitundu. Kilikuwepo, ila kimezibwa na chumvi nyeupe iliyoganda kama ukoga kwenye meno.

"Nani hukisafisha?"

Daktari alitazama dari. Alisema zamani alikisafisha kila alipobadilisha maji, lakini tangu ujauzito, na kliniki, na mambo mengi, hakuwa amekigusa.

Kwa hiyo, Inspekta alijisemea, hakuna aliyekusudia mafuriko. Mtu alikuja kumchukua samaki. Aliogopa kuingiza mikono ndani ya maji umeme ukiwa unapita, akachomoa plagi, akaiweka pakavu. Alipoondoka na mzigo wake hakujua kwamba nyuma yake maji yanashuka. Mtu huyo alijua kuogopa umeme, lakini bomba hakulijua. Fundi wa meli hakufanana naye hata kidogo.

Lakini kufanana si ushahidi, na daktari alikuwa bado anataka jalada.

Mama mzazi wa daktari alikuwa jikoni, miguu juu ya kigoda, akifuma soksi za mjukuu. Alihamia kwa mwanawe tangu alipobaki peke yake. Aliwaambia kwamba mchana wote alikuwa chini kwa jirani, fundi cherehani, wakizungumza. Hakuona kitu, hakusikia kitu.

"Na huyo samaki, Mama, ulikuwa unampenda?"

"Mimi na lile dubwana? Linanikodolea macho kama linanidai."

Inspekta alishukuru, akageuka kwenda. Alikuwa ameshafika mlangoni mama aliposema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano zake:

"Mkimpata, mwambieni huyo aliyenaye amlishe kwa mkono. Ukimtupia chakula hali. Ananuna."

Inspekta alisema atalizingatia.

Walishuka ngazi. Fundi cherehani aliwafungulia mlango kiasi cha kupitisha uso tu, kisha akaona sare na akafungua wote. Alikuwa mjane mchangamfu, futi ya kupimia shingoni, pini zimemjaa kifuani kama medali. Sebule yake ilikuwa na masufuria kila mahali, yakipokea matone. Alilalamika kwa kirefu. Maji yalimkuta akimalizia gauni la bibi harusi wa Jumamosi, na maji yenyewe ya chumvi, yangeacha mabaka kama ramani. Ilibidi alisuuze lote kwa maji baridi haraka.

Gauni lilikuwa pale sakafuni jikoni, ndani ya beseni la kuoshea vyombo. Beseni lilimeza kiuno tu. Sketi nzima ilikuwa imemwagika nje, juu ya magazeti, na mkia wa gauni ulikuwa umeegeshwa kwenye kiti kama mgonjwa.

Inspekta alilitazama gauni, akalitazama beseni.

"Nyumba za jengo hili zina mabafu, sivyo?"

"Zinayo."

"Na mabafu yana mabeseni makubwa ya kuogea."

"Yanayo, lakini langu bovu."

"Bovu vipi?"

"Limeziba."

"Basi nitanawa mikono tu kwenye sinki."

"Sinki nalo limeziba," fundi alisema, akasogea mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa bafu.

 Ndipo wote watatu wakausikia, kutoka nyuma ya ule mlango, mlio mdogo wa mapovu: blu, blu, blu.

Sajini alikohoa ili asicheke. Inspekta alimwomba fundi, kwa adabu, asogee. Hakusogea. Alisema siri si yake, na mtu akimwamini hawezi kumtupa mbele ya polisi, wamfunge wanavyotaka, ila wamwachie kwanza amalize gauni la watu.

"Sitamfunga mtu kwa sababu ya beseni," Inspekta alisema. "Lakini yuko kijana juu ambaye mpaka sasa ndiye mshukiwa. Nikirudi mikono mitupu, nitamchukua yeye aandike maelezo kituoni. Ameniambia wewe ndiye uliyemshonea shati la safari."

Fundi alifumba macho.

"Sogea pembeni, shoga yangu," sauti ilisema mlangoni. "Yameshafika hapa, basi."

Mama alikuwa ameshuka ngazi peke yake, soksi moja ya mjukuu bado ikining'inia kwenye sindano. Nyuma yake alikuwa daktari, na shemeji, na mke aliyeshikilia ukuta. Mama alipita katikati yao wote, akafungua mlango wa bafu.

Mheshimiwa alikuwa ndani ya beseni la kuogea, maji mpaka ukingoni, kifaa kidogo cha kutia hewa kikitetemeka kando yake. Alipomwona mama, alikuja mbio, akatoa mdomo wake mpana juu ya maji, akasubiri.

"Nilimtoa mimi," mama alisema. "Nilimwingiza kwenye ndoo humohumo majini, asiguse hewa, maana akivimba kwa hewa anaumia. Nilichomoa umeme nisife. Maji ya chumvi ya akiba nayo tukayashusha ndoo kwa ndoo, mimi na huyu. Tulitaka akae hapa mpaka mnunuzi achoke na kwenda zake. Sikujua kwamba maji yangeshuka. Hilo naapa."

"Mama," daktari alisema. "Wewe? Miaka yote unalisema vibaya."

"Nalisema vibaya mkiwepo."

Akakaa ukingoni mwa beseni. Alieleza taratibu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Asubuhi wote hutoka, wa kliniki kliniki, wa ofisi ofisi, na nyumba hubaki kimya mpaka masikio yanalia. Siku moja alipita karibu na kioo akaona kwamba macho yale yanamfuata. Akienda kushoto, nayo kushoto. Akazoea kuvuta kiti. Akazoea kumweleza mambo. Jioni mlango ukifunguliwa, anarudisha kiti mahali pake.

"Kwa nini hukuniambia nisimuuze?" daktari aliuliza.

"Ningekuambiaje, mwanangu? Kwamba mjukuu wangu anatafutiwa nafasi, na mimi namlilia samaki? Niliona aibu. Mtu mzima kama mimi."

Mke wa daktari ndiye aliyeanza kucheka, kicheko na machozi pamoja, akimshika mama mkwe mkono. Daktari hakucheka. Alimgeukia shemeji yake, akasema samahani ambayo kila mtu aliisikia vizuri. Shemeji alisema ataipokea kama daktari atashika upande mmoja wa tangi litakapohamishwa. Lihamishiwe wapi? Mama alikuwa na chumba kizima, chenye ukuta mrefu usio na kitu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Inspekta aliandika kwamba mali ilipatikana ndani ya familia na mlalamikaji amefuta malalamiko yake. Bibi harusi alivaa gauni lake Jumamosi, jeupe bila baka, naye daktari aliipaka rangi upya dari ya jirani kwa mikono yake, vibaya.

Shemeji alipomaliza kazi, kabla ya meli yake, walimwalika Inspekta aje kushuhudia. Tangi lilikuwa chumbani kwa mama, limesimama sawasawa, viungo vimefutwa chumvi, kitundu kimezibuliwa na cha pili kimetobolewa kando yake. Nyaya zilikuwa zimeshushwa chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Chini ya kabati kulikuwa na sinia pana, na ndani ya sinia kidude cha kupiga kelele kikiguswa na maji.

"Tunajaribu," shemeji alisema, akachomoa plagi.

Pampu ikanyamaza. Maji yakaanza kushuka, na tangi la chini likaanza kupanda.  Yalipanda, yakapanda, kisha hewa ikaingia kwenye vitundu kwa mlio kama wa mtu anayemaliza kinywaji kwa mrija, na maji yakasimama, nafasi ya kiganja ikabaki.

Walisubiri. Hayakusogea tena.

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu na mama yake. Mheshimiwa alikuwa ameegemea kioo, akiwatazama wote kwa zamu.

"Mama, siku nzima unamweleza nini huyu?"

"Wewe," mama alisema. "Tunakusema wewe."