Sidsel Avuka Maji

Feri ya asubuhi ilipowamwaga abiria bandarini Ærøskøbing, mji mdogo wa kisiwani, Esben alikanyagwa mguu. Alipogeuka alimkuta mwanamke mwenye koti la mvua la manjano, nywele amezibana kwa penseli.

"Samahani, kaka. Mguu wako ulikuwa njiani."

"Basi tuulaumu mguu."

Mwanamke huyo, Sidsel, alikuwa mtembeza wageni, na kundi lake la siku hiyo lilikuwa limeghairi safari. Esben, seremala kutoka Odense, alikuwa amekuja kutazama milango ya zamani.

"Peke yako?"

"Milango haina wivu."

Wakacheka, wakaandamana. Walipita vichochoro vya mawe, kati ya nyumba fupi zilizopakwa rangi ya waridi na ya haradali. Esben alipapasa kila mlango kama apapasaye farasi, Sidsel akimtania. Kisha wakapanda basi kwenda Marstal, mji aliozaliwa Sidsel.

Lakini simu yake haikukoma kulia. "Ndiyo, mpenzi wangu. Usitoke nje. Nakuja saa nane." Mara ya nne, wakiwa mkahawani, alinong'ona, "Nakupenda pia."

Esben akasukuma kikombe pembeni. "Nitawahi feri ya mchana."

"Nimekukosea nini?"

"Mumeo anakungoja, Sidsel."

Sidsel alimtazama, asijue acheke au alie. "Njoo umwone, basi."

Ndani ya nyumba iliyokuwa karibu, bibi kizee alikaa dirishani amevaa koti la baridi na kofia, jua la Julai likimchoma.

"Mnanipeleka nyumbani?" aliuliza.

"Uko nyumbani, mama. Huyu ni Esben."

Sidsel akamvua koti taratibu, kifungo kwa kifungo. "Hulivaa kila siku," alimwambia Esben. "Jirani humchungulia ninapokuwa kazini. Miaka sita sijalala nje ya kisiwa hiki. Kazi yangu ni kupokea watu na kuwapungia mkono wakiondoka."

"Hana mtoto mwingine?"

"Mogens, kaka yangu. Yuko Copenhagen. Hutuma maua."

"Maua hayamvui mtu koti."

"Umenijua saa nne tu, Esben. Usinifundishe."

"Kweli. Nisamehe." Akachukua koti, akalitundika. "Sikuombi umwache. Nataka tu kukuona tena, na sitaki unione kwa kuiba."

Aliondoka na feri ya mchana. Sidsel alikaa jikoni kitambo, kisha akampigia kaka yake.

"Ijumaa unakuja kukaa na mama. Siku mbili."

"Ijumaa nina mambo, dada."

"Nami nina mambo. Miaka sita sijakuomba. Leo siombi."

"Anakula nini asubuhi?" Mogens aliuliza hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeona aibu.

Ijumaa Sidsel alipanda feri, amevaa gauni la bluu lililonukia kabati. Kisiwa kilipopungua nyuma yake, furaha aliyoitarajia haikuja. Alijihisi kama mwizi aliyeachiwa mlango wazi. Mara tatu alishika simu ampigie Mogens, mara tatu akairudisha mkobani.

Esben alikuwa akingoja bandarini Svendborg, ng'ambo ya maji, kama walivyoagana kwa simu. Alimwona machozi, akataka kusema neno.

"Usiniulize kitu," Sidsel alisema. "Nishike mkono, tutembee. Popote."

Akamshika mkono, wakaupanda mji.